Kifuniko cha Mdila wa Bibi

Muscat, Jumamosi

Mama yangu mpenzi,

Mdila wa kahawa wa Bibi umepatikana. Kauthibitisha Mjomba Nassor mwenyewe, jana baada ya sala ya Ijumaa, na mimi nilikuwapo. Si khabari ya kusikia.

Shikamoo, Mama. Goti linaendeleaje? Dawa ya presha unakunywa, au unaiweka kabatini unaiangalia? Mimi mzima. Joto limeanza kupungua, na kazi ya redio ni ile ile ya kukimbizana na watu wasiotaka kusema.

Unajua kwamba karakana ya Babu, kule Mutrah nyuma ya bandari, imetengenezwa ili watu waitembelee. Mlango ni ule ule. Benchi lipo, na shimo la kuingia chini ya gari hawakulifukia. Gari aliyoifanyia majaribio imesimama katikati na injini yake imeshatengenezwa. Kilichokosekana ni chombo chenyewe kilichompa Babu jina.

Nakiandika kama ninavyoandika kazini. Gari za enzi zile zikipanda milima ya njia ya Qurayyat zilichemka, mvuke ukatoka kwenye rejeta, maji yakaisha, abiria wakashuka kungoja. Babu akachukua mdila wa kahawa wa Bibi, wa shaba, akautoboa ubavuni, akalehemu bomba kutoka kwenye rejeta. Mvuke ukaingia mdilani, ukapoa, ukawa maji, ukarudi ulikotoka. Gari ikaenda Qurayyat na kurudi bila ya kuongezwa maji. Kama yeye ndiye wa kwanza duniani, sijathibitisha na sitaandika. Kwa Mutrah, sijapata aliyemtangulia.

Bibi hakuombwa rukhsa. Hilo unalijua wewe kuliko mimi. Alipokuja kudai mdila wake akakuta kifuniko tu juu ya benchi. Akakichukua, akakushika mkono, mkapanda meli ya Unguja. Mjomba akabaki na Babu. Bibi alisema anakwenda kupumzika; hakurudi.

Sasa ya jana. Waliotengeneza karakana waliokota mdila mweusi kwenye pipa la vyuma. Wakausugua nje, wakaona mahali pa watu pasikose kahawa ya wageni, wakauweka kwenye sinia mlangoni pamoja na vikombe na tende. Juu wakafunika kisahani. Khalfan, mlinzi wa pale, mtu mzima mwenye kitambi na kanzu nyeupe pepe, akaujaza kahawa ya moto atukaribishe. Akatumiminia kikombe kimoja kimoja. Kumbe tundu la ubavuni lilikuwa limezibwa na grisi ya miaka yote ile. Grisi ikayeyuka, kahawa ikamwagikia kanzu.

"Ami Nassor! Mdila wenu huu umenitia adabu!"

"Usiuweke chini," Mjomba akasema. "Ugeuze. Ubavuni pana nini?"

"Pana tundu."

"La kuingia kidole?"

"La kidole. Na pembeni yake pamelehemiwa."

Mjomba akakaa juu ya benchi. "Khalfan, umewanywesha wageni kahawa kwenye mashine ya baba yangu."

"Ndiyo maana ilikuwa na ladha ya petroli. Mimi nikadhani iliki imeharibika."

Mjomba akacheka hata kofia ikamtoka. Halafu akanigeukia. "Mama yako kifuniko anacho bado?"

Nikamwambia unafunikia bakuli la sukari. Nikamwambia pia kwamba hakihitajiki, maana Babu alikwenda Qurayyat mdila ukiwa umezibwa kwa kizibo cha mti.

"Nimekuuliza mambo ya mvuke mimi? Mwambie ndugu yangu Asha akilete. Mwambie nnamuomba radhi kwa niaba ya baba, maana baba hakuwahi kuomba. Na asimpe mtu. Akilete mwenyewe."

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simuni ungesema "haya, mwanangu" kisha ukanipa dada nizungumze naye. Kifuniko ni chako, Bibi alikuachia wewe. Ukisema hakitoki, nitampelekea Mjomba neno lako bila ya kulipamba. Lakini tangu maziko ya Bibi nyinyi wawili hamjaonana, na kando ya ile gari ameweka kiti ambacho hataki mtu akikalie. Nilijaribu, nikafukuzwa.

Nisalimie dada na mumewe, na shangazi yangu wa Makunduchi, umwambie mkeka wake nnaulalia. Jirani yetu wa hapa anayekuletea barua hii anayo pia halwa. Usiimalize kwa kuwagawia wageni.

Tiketi imo ndani ya bahasha, ni ya Jumanne ya wiki ijayo. Kifuniko kitie kwenye pochi, si kwenye sanduku. Karakana inafunguliwa rasmi Alkhamisi baada ya alasiri, na Mjomba ameshawaambia wenyewe kwamba injini haiwashwi kabla yako. Jumanne jioni tutakuwa uwanja wa ndege, mimi na yeye.

Mwanao akupendaye,
Zuhura