Thebe Yetu Ilikuwa na Milango Saba

Jumamosi, jioni. Mvua ya asubuhi imekatika, nina matope hadi magotini, na moyo wangu umetulia.

Leo mimi na Mama tulivuka mto Lualaba, tukapanda pikipiki hadi shambani kwetu, upande wa Kailo. Shamba hilo tunaliita Thebe. Jina ni la Baba, mtu wa reli, ambaye alisoma kwa mapadri akatoka kwao na hadithi za Wagiriki nyingi kuliko sala. Wakati wa vita, tulipoukimbia mji wetu wa Kindu, alitusimulia habari za Kadmo, aliyeambiwa kwenye hekalu la Delfi amfuate ng'ombe na ajenge mji wa Thebe pale ng'ombe huyo atakapolala. Sisi hatukuwa na ng'ombe. Tulikuwa na mbuzi mmoja mkaidi, na alipolala akakataa kuinuka, Baba akasema haya, tumefika.

Tulikuwa na njaa, na tulicheka.

Thebe ya Wagiriki ilikuwa na milango saba, na sisi tulikuwa saba, wazazi na watoto watano. Basi Baba akafyeka njia saba kutoka kibandani hadi msituni. Wenye silaha wakija, kila mtu akimbie kwa mlango wake, tukutane kijitoni. Walikuja mara mbili. Mara zote mbili, sote saba tulifika kijitoni.

Vita viliisha. Baba alikufa kitandani mwake, mzee kabisa. Lakini Mama hajawahi kukubali njia zile zipandwe, kila msimu anataka zifyekwe. Nyumbani kwetu mjini, mtaa wa Kasuku, bado analala na furushi la nguo kando ya kitanda, tayari kwa kukimbia. Hilo ndilo linaloniuma.

Mdogo wangu Faustin, anayelima pale, kinachomuuma ni nafasi ya mpunga inayopotea kwenye njia hizo. Leo tumekuta ameshapanda njia mbili, yake na yangu, bila kuuliza mtu. Nilimwakia. Akanijibu kwamba nimezoea kumwamuru tangu utotoni, jambo ambalo ni kweli. Baba hakutuambia kwamba kwenye milango ya Thebe ile ndugu wawili waliuana. Nilikuja kulisoma hilo ukubwani, na leo nimeelewa kwa nini aliliruka.

Mama alichukua kikapu cha mbegu katikati ya ugomvi wetu. Alizitazama zile njia mbili zilizopandwa, nikaogopa atalia. Kisha akaenda kwenye mlango wake mwenyewe, akainama, akaanza kupanda.

"Muache mulango moya tu," akasema bila kugeuka. "Ile ya kurudia ku nyumba."

Faustin alikimbia kumchimbia mashimo. Mimi nilikwenda kwenye mlango wa Baba, na huko nililia kidogo, kwa raha yangu.

Sasa tumerudi. Mama yuko uani, anaimba. Amefungua lile furushi, amefua kila kilichokuwamo, na nguo zote ziko kwenye kamba.

Kesho jua likitoka, zitakauka.