Bega la Kushoto

Mamboya, 14 Machi 2022

Mwanangu Rebeka,

Hujambo? Huku wote wazima, isipokuwa mimi. Tangu ile chanjo ya Uviko uliyonidunga mwenyewe mlipokuja kuchanja pale shuleni mwezi wa kwanza, bega la kushoto linauma hadi leo. Wiki ya nane sasa. Siwezi kuinua mkono nikafunga kilemba. Wewe ni nesi, niambie nifanye nini.

Mama yako, Monica

Mikumi, 25 Machi 2022

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila zahanati kazi nyingi. Pole. Chanjo huuma siku mbili tatu tu, mama. Hayo maumivu ni ya umri na jembe. Meza panado. Na tafadhali usiwasimulie watu, maana mimi ndiye niliyewadunga.

Mwanao, Rebeka

Mamboya, 9 Mei 2022

Rebeka,

Marahaba. Umri? Desemba nililima nusu eka peke yangu. Nimekuuliza habari za mkono wangu, wewe umenijibu habari za jina lako. Chanjo sijaisema vibaya. Walioniuliza niliwaambia wachanje.

Jumapili shangazi yako ndiye aliyenivalisha blauzi, kama maiti. Kesho yake nikaenda hospitali. Daktari akaniambia nimwonyeshe nilipodungwa. Nikamwonyesha.

"Hapo ni juu mno, mama," akasema. "Sindano iliingia kwenye kiungo, haikuingia kwenye msuli. Dawa haina kosa. Aliyedunga ndiye aliyekosea."

Akauliza ni nani. Sikumwambia. Nimepewa mazoezi ya miezi mingi.

Mama yako

Mikumi, 30 Julai 2022

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimekaa nayo karibu miezi mitatu. Siku ile foleni ilikuwa ndefu. Badala ya kukuambia utoe mkono kwenye blauzi, nilivuta ukosi tu, nikadunga palipoonekana. Uliponiandikia mara ya kwanza nilikumbuka. Niliogopa kazi yangu, nikakusingizia uzee. Nakuja Jumapili ya mwisho ya Agosti kukuomba msamaha.

Mwanao, Rebeka

Mamboya, 4 Agosti 2022

Rebeka,

Marahaba. Jumapili hiyo usije kwangu. Nyuma yangu kwenye foleni alikuwa Salome, mke wa Paulo. Naye ulimvuta ukosi, niliona. Tangu siku hiyo hainui mkono, na mumewe anamwita mvivu mbele ya watu. Hospitali anamkataza, anasema hakuna sindano ya kuuma miezi saba.

Nenda kwao. Umwambie Paulo kwa mdomo wako, Salome akisikia. Kisha uwatafute wengine wote.

Kwangu uje wa mwisho.

Mama yako