Lampe Mpya za Ampli Yako

Papa,

Kesho tunaondoa matanga yako, na ampli yako ya gitaa bado haisemi kama wewe. Nimeanza bila salamu, unisamehe. Tangu asubuhi siwezi kutulia. Nakaa, nainuka, naiwasha, napiga nyuzi mbili, naizima. Mama amesema nitaichosha kabla ya siku yenyewe. Nimechukua karatasi ili mikono yangu ipate kazi nyingine.

Ngoja nikueleze. Baada ya mazishi hakuna aliyeigusa. Ilibaki chini ya dirisha, na kile kitenge kikuukuu ulichokuwa unaifunikia. Kisha Tonton Kabeya, mpiga besi wako, akaja kutuambia kwamba wenzako wa orkestra watapiga nyimbo zako siku ya kuondoa matanga. Mama alikubali, ila kwa sharti moja. "Nataka sauti ya gitaa yake," alisema. "Sitaki ya muntu mwingine." Basi nikaifunua ampli. Zile lampe mbili kubwa za nyuma, taa za kioo zinazobeba nguvu yote ya sauti, moja kioo chake kilikuwa kimegeuka cheupe kama maziwa. Hewa ilikuwa imeingia. Nikakaa sakafuni nikalia, Papa, kuliko nilivyolia makaburini.

Tonton alitaka tukodi ampli ya kisasa. "Iko na nguvu, bantu hawatajua." Bantu gani hao? Mama atajua. Mimi nitajua. Nilikasirika mpaka nikasahau kumpa kiti.

Nilitafuta kwanza kwenye soksi yako, ile ulimoficha lampe za akiba. Zilikuwemo mbili, lakini hazikuwa mapacha. Moja changa, moja mzee, na wewe mwenyewe ulisema lampe zisizolingana ni sawa na wachezaji wawili wanaosikia ngoma tofauti. Nilizijaribu hata hivyo. Ile changa ikaanza kuwa nyekundu tumboni, nikachomoa waya haraka.

Nikaenda Kamalondo kwa Papa Kambale, yule mfanyabiashara wa Butembo ambaye vitu vyake vinapitia mpakani Mokambo. Aliniletea mapacha wa aina mbili, wembamba na wanene. Kazi yangu ni kutengeneza simu, Papa, nazijua waya, lakini pale dukani nilisimama kama mtu aliyepotea njia. Nikachukua wembamba kwa kuwa zako zilikuwa nyembamba. Nilizipima nyumbani jinsi ulivyonifundisha, mkono mmoja ndani ya ampli na mwingine mgongoni, ili umeme usipate njia ya kupita moyoni. Unakumbuka siku ya kwanza? Uliniambia niweke mkono mfukoni, nami nilikuwa nimevaa kitenge. Ulicheka mpaka ukaangusha bisibisi.

Vipimo vilikuwa sawa kabisa. Sauti ikatoka safi, imenyooka kama ya mtangazaji wa redio. Wewe hukuwa safi hivyo! Sauti yako ilikuwa na mkwaruzo kidogo mwishoni, kama mtu aliyetoka kulia na sasa anataka kucheka. Nikarudi kwa Papa Kambale, nikabadilisha, nikachukua wanene. Hao sauti yao ikawa ngumu zaidi. Nikarudi tena. Yule mzee alinitazama juu ya miwani yake: "Mama, hizi ni lampe. Haziko biatu bya kujaribisha." Lakini alinibadilishia, kwa sababu alikujua.

Kwa hiyo wale wembamba wamo ndani sasa, na sijui nimekosea wapi. Nimebadilisha waya. Nimesogeza ampli ukutani, nimeitoa ukutani. Nimekaa kwenye kiti chako, nikapiga kwa kucha yako ya plastiki. Hakuna kitu. Papa, naogopa. Naogopa kwamba ilikuwa mikono yako tu, na kama ilikuwa mikono, basi imekwenda na hakuna lampe itakayoirudisha.

Mvua inaanza. Naenda kumsaidia Mama kuingiza sufuria.

*

Papa. Papa! Nimerudi, na mwandiko wangu utausamehe.

Lazima ujue kwanza kwamba tangu uende, Mama hajawasha resho. Jiko lake la umeme ulilomnunulia amelifunika kwa kitambaa, na anapika nje, kwenye mbabula, lile jiko la makala, yaani mkaa, pamoja na majirani. Anasema resho ni ya mtu anayepikia watu wawili. Sikumbishia.

Leo mvua imezima makala yake. Akaingia ndani akinung'unika, akafunua resho, akaweka maji ya kusongea bukari. Mimi nilikuwa nimerudi kwenye gitaa, kwa ukaidi tu. Taa ya sebuleni ikanywea. Unaujua ule waya wetu mwembamba unaotoka kwenye nguzo ya mbali, ukiwasha kitu kikubwa nyumba nzima inalegea. Na chini ya vidole vyangu sauti ikalegea pia. Ikawa laini, ikakwaruza mwishoni. Ilikuwa wewe. Nywele zilinisimama.

Nikapiga kelele Mama azime. Akazima: mtangazaji wa redio. Akawasha: wewe.

Ndipo nikakumbuka. Kila jioni ulikuwa unasimama mlangoni pa jikoni, gitaa shingoni, unamuuliza: "Mama Kapinga, uko unapika nini leo?" Hukuwahi kupiga wimbo kabla hajajibu, akawasha resho na kuweka chungu. Mama alijivunia hilo mtaa mzima. Alisema bwana wake hawezi kushika gitaa bila kujua atakula nini.

Nilimweleza kwamba ulikuwa unangoja resho yake ilegeze umeme. Aliweka mwiko chini. Kisha akasema, "Miye nilizani njaa. Kumbe ni courant!" Akacheka, Papa. Alicheka akaegemea mlango, machozi yakamtoka, na sikujua tena yapi ni ya kicheko. Halafu akakasirika, akataka kujua kwa nini hukumwambia. Halafu akajipangusa kwa kitenge: "Lakini sahani alikuwa anamalizaka."

Sijui kama ulimficha au uliona haina haja ya kusemwa. Ningependa kukuuliza. Ni jambo dogo, na linanitesa kuliko makubwa yote.

Kesho atavua nguo nyeusi. Wanawake walikuwa wamepanga kupika kila kitu nje kwa makala, lakini amekwisha waambia kwamba sufuria ya kwanza ni ya ndani, yake peke yake. "Miye njo nitawasha," amesema. Amenunua samaki wa ziwani wa Kilwa, wale uliokuwa unawapenda. Resho ameisugua mpaka inang'aa.

Lala sasa, Papa. Ampli nitaitunza, na lampe hizi zikichoka nitamsumbua tena Papa Kambale. Na kesho, wenzako wakishakaa tayari, sitagusa uzi hata mmoja kwanza. Nitakwenda mlangoni pa jikoni, gitaa yako shingoni, nimuulize Mama anapika nini leo. Nitangoja anijibu.

Ni mimi, uliyenipa jina la mama yako na kuniita Mamu,

Kapinga