Dakika Ishirini hadi Biharamulo

Jumatatu, 5 Machi 1979

Barua ya Emilian! Mume wangu yuko hai! Kaandikiwa na nesi, maana mkono wake bado una bendeji. Yuko hospitali ya Biharamulo. Mguu umeoza kwa risasi — Jumanne ijayo anapelekwa Mwanza, huko utakatwa. "Njoo nikiwa bado na miguu miwili." Mjinga wee! Kwani niliolewa na mguu?

Nimeisoma mara sita. Nikalia, nikanawa uso, nikaenda kufundisha sehemu na desimali.

Jumatano, 7 Machi

Gari hakuna. Malori yote yamechukuliwa na jeshi, na barabara ya Biharamulo kupitia Nyakanazi ni tope tupu. Waliotoka huko wanasema walitumia siku tatu.

Baada ya vipindi nimebaki na ramani ya mkoa. Nimepima kwa rula, kutoka uwanja wetu wa ndege hapa Ngara hadi ule wa Biharamulo. Kilomita sabini na kitu. Tu! Padre Ildefonce anasema ndege ndogo ya misheni huruka hapo kwa dakika ishirini. Nusu ya kipindi! Mama mkwe hamalizi kumenya ndizi za mchana kwa muda huo. Namtamani mume wangu mpaka kifua kinauma.

Ijumaa, 9 Machi

Rubani amekubali! Padre kaongea naye kwa redio. Jumatatu saa nne analeta dawa, akirudi ananichukua. Nimepimwa ghalani kwenye mizani ya kahawa: mimi kilo hamsini na nne, kapu kilo sita, zaidi ya hapo ndege haichukui. Mama mkwe, Febronia, anataka niongeze kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa mwanawe. Nikamwambia, Mama, basi kisafiri kibuyu, mimi nibaki. Alicheka, kisha akalia.

Jumamosi, 10 Machi

Magogo! Nimeyasahauje?

Novemba, vita vilipoanza, tulihofia ndege za adui, huyo Nduli, zitatua hapa. Kijiji kizima tukaziba uwanja kwa magogo. Wanafunzi wangu walibeba mengi kuliko wote — na mimi ndiye niliyewapanga mistari, tena nikiimbisha!

Padre ni mgeni, hakujua. Kamwarifu rubani. Rubani kasema atazunguka mara mbili. Akiona bado kumezibwa, anarudi.

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Bizimana. Hayaondolewi bila barua ya wilaya, anasema, na ofisi imefungwa mpaka Jumatatu. "Mwalimu, si wewe mwenyewe uliyetuhimiza?" Hakusema kwa ubaya. Imenichoma hivyo hivyo.

Jumatatu, 12 Machi

Saa nne kasorobo. Uwanjani. Barua haijaja. Nimeanza mwenyewe tangu alfajiri. Mama mkwe kanikuta, akaingiza mpini wa jembe chini ya gogo. Kumi na tisa tumeyatoa. Yaliyobaki ni yale makubwa ya wanaume. Wenyewe wamesimama kule migombani, wanatutazama. Mwenyekiti yupo kati yao, mikono nyuma.

Nimekaa kupumua kidogo. Naandikia gotini, mwandiko mbaya.

Mlio! Watu wamelala chini migombani, kama tulivyowafundisha. Mama anauliza, ya kwetu au ya Nduli? Nimemjibu ya kwetu. Sijui.

Ya kwetu! Naona msalaba ubavuni. Imezunguka mara moja.

Yamebaki saba. Bizimana hakulala. Anavua koti, anakuja huku mbio — kusukuma au kunikamata, sijui. Mama ananiita, jembe limevunjika — naenda!