Mawe Ine ya Karte ya Kampene

Ndugu yangu Ramazani,

Miye niko na miaka makumi saba na tatu. Nimepita Wabelji, nimepita vita ya waasi, nimepita bibi wawili niliowaoa. Sikuwaza kama nitakupita na wewe, muchora karte, zile ramani za inchi, mwenye mukono haukutetemeka hata siku moja. Naandika polepole, maana nilijifunza kusoma nikiwa tayari muzee. Unajua herufi zangu, usicheke.

Tangu tulikuzika, bilo yetu ya kazi imegeuka. Kwenye kiti yako iko muntu mupya wa Bukavu, na anasema mbele ya watu eti mashini ya karte, ile inaonyesha karte kwenye kioo, ilichaguliwa na wenye diplome. Wenye diplome! Njo maana nakuandikia. Wewe ulikuwa pale.

Unakumbuka wale wazungu wawili waliokuja na ndege, kila mumoja na mashini yake, kila mumoja akisema mabaya ya mwenzake huku akicheka na meno inje. Citoyen direkta, mukubwa wa bilo, alikuwa amekwisha kusema: mashini ikiingia, wasiojua kusoma watarudi kwao. Njo miye huyo, mubeba karte wako miaka makumi mbili. Wewe ukasimama: "Patron, tupimie kwa muzee kwanza. Mashini yenye itamushinda huyu, itatushinda sisi wote." Nilitaka kukupiga.

Mashini ya muzungu mufupi ilipanga karte zetu kandokando kama viwanja vya mji. Ukifungua ya tano, zote zinakuwa ndogo, Kampene, ile karte direkta aliniambia nitafute, inabaki kama kucha. Ile ya murefu ililalisha karte moja juu ya ingine, pembe zikichungulia. Ndugu, ile ilikuwa meza yetu! Sikusoma jina hata moja. Niliona pembe yenye muto unakata kushoto, nikasukuma kile kidude cha mukono chenye mukia kama panya, nikabonyeza. Kampene ikapanda juu ya zote.

Kisha nikauliza: "Na mawe tutaweka wapi?" Maana kwetu karte bila mawe ine kwenye pembe, ventilatere, ile feni ya bilo, inaibeba. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Direkta naye alicheka mpaka machozi. Akasema, "Muzee anabaki, na mashini ya murefu inabaki." Muzungu mufupi hakucheka. Alifunga masanduku yake.

Miye njo nilichagua. Lakini kusoma pembe, ni wewe ulinifundisha. Hilo sijamwambia muntu. Asubuhi bado nanyoosha mukono kukupa karte, na... hapana muntu wa kupokea.

Yule wa Bukavu alitupa mawe yetu inje. Nimeyaokota yote ine. Kesho nitayaweka kwenye pembe za kaburi yako, na kila mwaka nitakuja kuangalia kama yamekaa sawa. Lala, Ramazani. Upepo hautakubeba.

Mwenye kubisha habari hii ya mashini amuulize bibi yako Zaina, ulimuhadisia jioni ile ile. Amuulize Mama Bilenge, mwandishi wa direkta, alisimama mulangoni. Na akiwakataa hao, amutafute muzungu mufupi. Yule hawezi kunisahau.

Miye, Muzee Kingombe