Baba wa Kiroho wa Jessa

Hong Kong, 4 Novemba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Miguu bado inavimba? Mimi ni mzima, ila nimechoka. Mtoto wa tajiri anaota meno na hanipi usingizi.

Nimeona picha za kipaimara cha mwanangu Jessa. Gauni limempendeza. Lakini huyo Mzungu mliyemwandika msimamizi wake ni nani? Nilipomuuliza Jessa kwenye simu ya video, akaangalia chini. Miaka yake kumi yote, Mama, hajawahi kunificha neno.

Mwanao, Wilma

Danao, 9 Novemba

Mwanangu Wilma,

Marahaba. Miguu ni ile ile ya uzee.

Yule ni Bwana Warren. Aliipenda picha ya Jessa kwenye Facebook, tukazoeana, akaomba mwenyewe awe baba yake wa kiroho. Umekulia hapa, unajua: anayeomba usimamizi hakataliwi, kumkataa ni kumtafutia mtoto mkosi. Mjomba wako Dodong alisimama kanisani kwa niaba yake. Ametutumia simu mpya, na kila Jumamosi anaongea na Jessa kwa video. Anataka wawe wawili tu, eti kelele zangu zinamharibia mtoto Kiingereza. Nimemwambia Jessa, "Mtii baba yako wa kiroho kama unavyonitii mimi." Usione wivu, mwanangu.

Mama yako

Hong Kong, 9 Novemba

Mama,

Ujumbe wako nimeupata sasa hivi. Salamu utanisamehe, na simu zangu hupokei. Ichukue hiyo simu kwa Jessa sasa hivi. Usimpige, usimfokee. Mkalishe, mwambie hana kosa, umsikilize hata akinyamaza mpaka jioni. Usifute kitu. Ipeleke polisi, kwenye dawati la wanawake na watoto. Nijibu, Mama.

Wilma

Danao, 30 Novemba

Mwanangu,

Wiki tatu nimekukwepa, na sina uso wa kukuuliza hali.

Jessa alisema. Yule mtu alimwamrisha mambo ya aibu mbele ya kamera, na mtoto akatii, kwa sababu mimi nilimwambia atii.

Nami nikafuta kila kitu, Wilma. Niliona haya polisi wayaone. Kisha nikasikia binti wa jirani yetu Nena naye kapata baba wa kiroho wa ng'ambo. Warren huyo huyo. Nikakaa kimya tena, maana kumwambia Nena ni kumtangaza Jessa.

Jana nilikwenda. Nena akacheka: "We Bibi Pacita, roho inakuuma na wetu kupata zawadi?" Nikamweleza ya Jessa, yote. Akakaa chini pale pale kizingitini, hakucheka tena. Simu ya binti yake haikufutwa, tumeipeleka polisi pamoja. Askari yule mama amesema itasaidia, ila mtu mwenyewe yuko mbali na hawaahidi kitu.

Jessa anauliza kama utamkasirikia. Mjibu wewe. Neno langu halina uzito kwake sasa.

Mama

Hong Kong, 1 Desemba

Mama,

Tajiri kaninyima ruhusa, kwa hiyo nimeacha kazi. Nafika kesho kutwa.

Mimi na wewe tuna maneno, na tutayasema mtoto akiwa hayupo. Lakini ulikwenda kwa Nena. Hilo nimeliona.

Mwambie Jessa simkasirikii. Mwambie leo, usiningoje. Asipotaka kukuamkia kwa kuuweka mkono wako kwenye paji la uso wake, usimlazimishe. Asipotaka kula, asipotaka kukumbatiwa, mwache akatae. Nikifika, akinikataa na mimi, nitakaa kando nimngoje.

Wilma