Spika Moja, Amplifaya Mbili

Wanangu,

Chai iko kwenye chupa. ~~Ng'oeni huo mdude wote garini.~~ Haya, uacheni, ila chajini betri. Amplifaya mbili zimeinyonya mpaka ikafa, na spika yenyewe bado bubu! Fundi redio mnaishi naye nyumba moja, nyinyi mkaenda kumuuliza jirani.

Nyaya za amplifaya moja mmezigeuza. Moja inaisukuma spika, nyingine inaivuta. Hamjaelewa? Kumbukeni asubuhi, mimi nimeshika usukani: mkubwa anasukuma gari kwa nyuma, mdogo kwa mbele, jasho linawatoka, gari limetulia tuli.

Nimekwenda dukani kwangu kwa miguu. Jioni mnifuate. Gari likigoma, sukumeni wote kwa nyuma.

Mama yenu, fundi asiyeulizwa